Kampuni Ngeni Mdomoni mwa Duara

Mmeniomba niwasimulie kazi niliyoifanya, na nitasimulia, ila kwanza ondoeni hilo wazo kwamba nilikuwa mtaalamu wa kompyuta. Kompyuta nilizijua kiasi cha kuziwasha na kutambua kwamba zimekufa. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni. Kampuni ya huduma za teknolojia ikitoka nje, iwe ya kufuatilia malori barabarani au ya kupima hewa mashimoni, na ikitaka kufanya biashara Shinyanga au Geita, lazima iamue itaingiaje. Mimi nilikaa nao mezani wakati wa kuamua, kisha nikabaki nao uamuzi ulipoharibika. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyonizeesha.

Jina langu ni Modesta, lakini mkifika Shinyanga mjini mkamuulizia Modesta mtarudi mikono mitupu. Ulizeni Mama Masanja. Nimezaliwa Ushirombo, nimefanyia kazi Kahama, Geita, Katoro na kwingineko, na sasa nimestaafu. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu.

Nyinyi mnaosomea biashara mtafundishwa njia za kuingia soko la nje kwa majina marefu. Mkiyavua hayo majina, njia zenyewe si nyingi. Unaweza kukaa kwenu na kuhudumia watu kwa mtandao. Unaweza kumtafuta wakala akuuzie kwa kamisheni. Unaweza kumpa mwenyeji leseni afanye mwenyewe kwa ujuzi wako. Unaweza kuingia ubia naye, au ukafungua tawi lako na kutawala kila kitu hadi ufunguo wa choo. Nimeziona zote zikifaulu na zote zikianguka, kwa hiyo mtu akikwambia ipo moja iliyo bora kuliko nyingine, mwulize amefanyia kazi wapi.

Chukua hii ya kukaa mbali. Kampuni moja ya kufuatilia malori iliamua haihitaji mtu yeyote hapa. Mteja akipata shida apige simu. Tajiri mmoja wa malori wa Kahama akajiunga. Haikupita muda mrefu akanipigia.

"Mama Masanja, huyu mwanamke wenu ananiambia nibonyeze mbili. Nimebonyeza mbili tangu asubuhi."

"Huyo si mtu, baba. Ni mashine."

"Sasa mimi nigombane na nani?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la maana kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma. Mtu analipia huduma, na sehemu ya anacholipia ni mtu wa kugombana naye ikiharibika. Yule tajiri alijitoa, akaajiri kijana wa kukaa njiani na pikipiki kuhesabu malori yake yakipita.

Wengine walikimbilia wakala. Wakala ni mzuri kama unajua anaamka na nani kichwani. Tulikuwa na mmoja, mtu wa suti, anayejua kila mkurugenzi kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wageni wangu walimpenda sana. Siku moja nikaomba lifti kwenye gari lake, nikakuta kwenye kiti cha nyuma kofia tatu za kampuni tatu zinazoshindana, yetu ikiwa chini kabisa. Nilimuuliza, akanijibu bila haya kwamba anavaa kulingana na ofisi anayokwenda. Na kweli hakuwa amevunja mkataba, maana hakuna aliyekuwa ameandika kwamba haruhusiwi.

Kulikuwa pia na waliofungua tawi kabla hawajapata mteja. Ofisi ya vioo, Shinyanga, penye vumbi lile mnalolijua, na marumaru zinazong'aa hadi watu wakawa wanavua viatu mlangoni. Nawaambieni ukweli, walivua. Wazee wa ushirika wa pamba waliingia wakiwa na soksi, wakakaa kwenye ncha ya kiti, wakasikiliza kwa adabu, wakavaa viatu vyao na hawakurudi tena. Meneja mgeni aliniuliza amekosea wapi kwenye maelezo yake. Nilimwambia maelezo hayana kosa, tatizo ni sakafu. Alidhani namtania.

Aliyenifunza kazi hii hakuwa mtu wa masoko. Alikuwa Mzee Lutonja, fundi wa redio za mawasiliano aliyezunguka migodini nami nikiwa msaidizi wake. Alikuwa na hasira za karibu na hakupenda maswali kabla ya chai. Lakini siku moja tumekaa kwenye kivuli cha kontena, nikamuuliza kwa nini kampuni iliyotuma redio nzuri vile inashindwa, akanijibu taratibu.

"Sabuni ikitoka kiwandani imekwisha, Modesta. Wewe kazi yako ni kuibeba tu. Huduma haijatengenezwa bado. Inatengenezwa mbele ya mteja, naye anakuangalia mikono."

Ndiyo maana kampuni ya sabuni inaweza kuingia nchi kwa kontena na kampuni ya huduma haiwezi. Lazima pawepo mikono, na swali ni mikono ya nani, na nani anaiamini. Hilo nililielewa kwa kichwa kwa miaka mingi. Kulielewa vizuri kulinichukua hadi mwisho wa kazi yangu, kwenye machimbo yaliyo kati ya Geita na Ushirombo, na hiyo ndiyo habari niliyotaka hasa kuwapa.

Kampuni ilitoka Nairobi. Walikuwa na kipima hewa, kifaa kidogo kinachoteremshwa hadi chini ya duara, yaani shimo la wachimbaji, na kutuma habari juu kwa waya, kisha kwa mtandao hadi Nairobi. Hewa ikiwa nzuri, taa ya kijani inawaka mdomoni mwa duara. Ikiwa mbaya, nyekundu, na king'ora. Hawakuuza kifaa, waliuza huduma: wao wanaangalia, wao wanarekebisha, mwenye duara analipa kwa mwezi. Wale mliokulia kwenye machimbo mnajua hewa mbaya inavyoua. Haina harufu, haina kelele. Mtu anakaa chini apumzike, basi.

Walinichukua niwe mwakilishi wao, na kwa majaribio tukaanza kwenye eneo la leseni ya uchimbaji ya Mama Kabula, mwanamke mwenye maduara yake mwenyewe. Kuna machimbo ambako mwanamke hasogei kwenye duara, anaishia kwenye karasha wanakosaga mawe. Kwa Mama Kabula mambo hayo yalikuwa yamekwisha. Nani angemzuia kwenye leseni yake?

Fundi niliyempata kufunga vipima hewa ni Shija, mwenye karakana Katoro, anayetengeneza winchi na feni za kupulizia hewa. Kwa Wasukuma jina Shija linajieleza: ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha waliomtangulia walikuwa Kulwa na Doto. Doto alifia duarani kwa hewa mbaya, Shija akiwa bado anajifunza ufundi. Kulwa alibaki, na aliendelea kuchimba, tena hapo hapo kwa Mama Kabula. Nilimuuliza Shija kwa nini hamzuii kaka yake.

"Nimzuie kwa lipi, mama? Ana watoto watano na hana shamba. Nachoweza ni kumpa hewa."

Kwa hiyo mjue tangu sasa Shija alitaka nini. Hakutaka utajiri wa Wakenya. Alitaka kile kifaa kikae chini ya duara la Kulwa na kisiondoke.

Tatizo lilikuwa jinsi kampuni ilivyoingia. Walimfanya Shija wakala wa kufunga tu. Kifaa chenyewe kilikuja kimepigwa lakiri, na mkataba ulikataza mtu yeyote wa huku kukifungua. Kikiharibika kinatumwa Nairobi. Nilimwuliza mkurugenzi wao, Bwana Mutua, kwa simu, kwa nini tusimfundishe Shija kukirekebisha.

"Nikimfundisha, kesho ataanzisha yake," akasema.

"Anaweza, bwana. Lakini usipomfundisha hutakuwa na chochote hapa cha mtu kukuibia."

Alicheka, lakini hakubadili neno. Na msimlaumu haraka. Kampuni ya huduma haina kiwanda wala ghala, mali yake yote ni ujuzi, na ukiugawa haurudi. Hofu yake ilikuwa ya kweli na nitawaambia baadaye jinsi ilivyotimia.

Kifaa kikaharibika wakati wa mvua. Tope liliingia kwenye waya, jambo dogo, lakini lakiri ni lakiri. Kikapakiwa kwenye basi kwenda Nairobi, kikakaa forodhani, kikakaa tena kwenye meza ya mtu. Wachimbaji hawakungoja. Waliteremka kama walivyokuwa wakiteremka zamani, kwa kubahatisha, na jioni moja Kulwa akapandishwa amelegea, anatapika, hajui yuko wapi. Alilazwa, akapona. Shija alikuja nyumbani kwangu asubuhi yake, hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

"Sikai. Mama, mimi ningelitengeneza lile dude kwa saa moja. Niliogopa karatasi yao. Kaka yangu karibu afe mimi naogopa karatasi."

 Niliumia sana siku ile, na nilikasirika, na nilimwandikia Bwana Mutua maneno ambayo mwakilishi mwenye adabu haandiki. Nilimwambia aje mwenyewe aamue mbele ya macho yetu: afungue tawi aweke watu wake, aingie ubia na Shija, au afunge virago. Njia ile ya nusu nusu ilikuwa inaelekea kuua mtu.

Alikuja baada ya Pasaka. Mtu mnene, mpole, mwenye buti mpya kabisa. Kifaa kilikuwa kimerudi na Shija amekifunga. Tulifika kwa Mama Kabula asubuhi ambayo wachimbaji walikuwa wanarudi kazini kutoka mapumziko ya sikukuu. Walikuwa wamekaa juu ya mifuko ya mawe, Kulwa akiwa miongoni mwao, amekonda. Taa ilikuwa ya kijani. Hakuna aliyekuwa ameteremka.

"Mnangoja nini?" Bwana Mutua akauliza. "Mashine imesema iko sawa."

Msimamizi wa duara aliitwa Nyanda, mtu wa maneno machache. Alimsalimia mgeni vizuri, akamuuliza habari za safari na za nyumbani, kisha ndipo akajibu. Alimweleza utaratibu wa pale, ambao mimi pia nilikuwa nikiusikia kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimewaletea huduma ile miezi mingi. Duara likilala bila watu, hewa yake haijulikani. Msimamizi analipima kwa njia zake, akiridhika anasema liko salama, na akishasema hivyo anateremka yeye kwanza. Wengine wanafuata akishaita kutoka chini. Anayesema salama ndiye anayetangulia. Hakuna mwingine.

"Leo mimi sijasema," Nyanda akamaliza. "Imesema mashine yenu. Kwa hiyo tunamngoja mtu wenu."

Bwana Mutua alinitazama. Nikafungua mdomo kusema nitakwenda mimi, maana mshahara wao nilikuwa naula, na wachimbaji wote wakaangua kicheko. "Mayu, na magoti hayo?" mmoja akasema. Mayu kwa Kisukuma ni mama. Mgeni akageuka kwa Shija.

"Shija, wewe ni mtu wetu. Tangulia."

Shija alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Alijibu kwa heshima, na sauti yake haikupanda.

"Hapana, bwana. Mimi ni wakala. Siruhusiwi kujua kilichomo humo ndani, nitasemaje kwamba ni salama? Nikiteremka nitakuwa nawadanganya hawa, na mmoja wao ni kaka yangu."

 Nilimtazama yule mgeni na nikamwonea huruma, maana alikuwa ameelewa. Kamisheni inanunua mdomo wa mtu, hainunui kifua cha kutanguliza hatarini. Alikuwa ameingia nchi yetu kwa njia iliyompa faida na kumwachia mwingine kifua, na sasa kifua hakikuwepo. Angeweza kupanda gari. Niliwahi kuona wakubwa wengi wakipanda gari kwa jambo dogo kuliko hilo.

Bwana Mutua akavua saa, akanipa. "Nipeni kofia," akasema.

Nyanda hakumzuia. Alimfunga mkanda mwenyewe, akamwonyesha pa kuweka miguu kwenye matimba, ile miti inayoshikilia kuta, akamwambia asiangalie chini. Mgeni akateremka polepole, akihema kwa sauti tuliyoisikia muda mrefu baada ya kofia yake kupotea gizani. Kisha hatukusikia kitu. Kulwa alisimama. Shija alikuwa anaitazama taa ya kijani kana kwamba atailazimisha ibaki hivyo. Mwishowe sauti ikapanda kutoka chini, nyembamba, ikisema iko sawa, waje.

Alipopandishwa alikuwa tope tupu. Alikaa kwenye mfuko wa mawe, akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

"Mama Masanja," akaniambia, "nimekaa kule chini nikajiuliza ni nani angekubali kufanya hivi kila mara, kwa kamisheni ninayolipa. Sikumpata."

Mazungumzo ya ubia yalianzia pale pale, na msidhani yalikuwa mepesi. Shija aliweka sharti moja, lakiri ziondolewe na afundishwe kila kilichomo. Bwana Mutua alitaka hiki na kile, wanasheria wakatia mkono, na sheria zetu za kushirikisha wazawa kwenye madini zikasaidia pale hoja zangu ziliposhindwa. Shija akaenda Nairobi kufundishwa. Alirudi ameongeza uzito na anasema "sawa sawa" kila baada ya sentensi.

Na ndiyo, ile hofu ilitimia. Miaka ilipopita Shija alifungua kampuni yake ya vipima hewa, na sasa yuko hadi upande wa Chato. Kwa Mama Kabula yeye na Bwana Mutua wameachana kwa amani, na kwa kiasi fulani cha kununiana. Bwana Mutua alinipigia kulalamika. Nilimkumbusha kwamba kwa miaka yote ile alikuwa na biashara Geita, na wenzake waliolinda siri zao hawakuwahi kuwa nayo. Akasema najua kumfariji mtu vibaya. Kwa hiyo nanyi mkipanga njia ya kuingia mahali, hesabuni kabisa kwamba mwenyeji mliyemfundisha ataondoka siku moja. Jiulizeni tu kama mtakuwa mmefanya la maana kabla hajaondoka.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile Shija alipotoka mafunzoni. Duara lilikuwa limelala kwa sababu ya msiba wa jirani. Alifika mapema, akakifungua kifaa mbele ya kila mtu, akakisafisha, akakifunga, akakiteremsha. Taa ikawaka kijani. Hakuiangalia sana. Aliwageukia wachimbaji.

"Liko salama," akasema, na akaanza kuvaa mkanda.

Mimi nilikuwa nimeandika ripoti nyingi maishani kuhusu hatari za soko, zenye michoro na rangi. Shija akateremka. Tukangoja. Akaita. Kulwa akanipa simu yake nimtunzie, akaniambia, "Wabeja, mayu," ambayo ni asante, akamfuata mdogo wake. Hatari yote niliyowahi kuiandika ilikuwa sasa ni watu wawili wa mama mmoja, na wote walikuwa chini. Nilikuwa na miadi Geita mjini saa nne. Sikwenda. Niliogopa, sioni aibu kuwaambia, na nilisimama pale nimeshika simu ya Kulwa hadi walipopanda kula.